Nyaya Kuukuu na Haki ya Mpangaji



Nyumba inapoombewa umeme kwa mara ya kwanza hufanyika mambo ambayo aghalabu hayafanyiki tena katika maisha yote ya nyumba hiyo. Mwenye nyumba humtafuta mkandarasi mwenye leseni, mchoro wa nyaya huchorwa, fomu hutiwa sahihi na mhuri, na mtumishi wa shirika la umeme hufika kutazama kabla ya waya kuvutwa kutoka nguzoni. Taa zikishawaka, karatasi zote hutiwa ndani ya bahasha, na bahasha hutiwa kabatini. Yaweza kupita miaka 30 au 40 kabla ya mtu mwenye ujuzi kulifungua tena sanduku la fyuzi kwa nia ya kulikagua. Umeme ukikatika huitwa kijana wa jirani mwenye bisibisi ya testa. Naye hulipwa kurudisha mwanga, halipwi kuuliza kwa nini mwanga ulizimika.

Wapo watakaotushangaa: Haki na Amani na nyaya za umeme, wapi na wapi? Jibu letu ni kwamba katika nyumba nyingi anayeamua juu ya nyaya siye anayelala chini ya paa lenye nyaya hizo. Mwenye nyumba anaishi mtaa mwingine, pengine mji mwingine. Mwalimu mkuu halali bwenini. Mjumbe wa kamati ya majengo hukaa ukumbini saa mbili, kisha akarudi kwake. Hatari humwangukia mpangaji, mwanafunzi, mlinzi wa usiku, mgonjwa aliyelazwa zahanati: watu wasio na ufunguo wa sanduku la fyuzi wala sauti katika matumizi ya fedha. Sheria ya kale ya Israeli, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 22, ilimwagiza ajengaye nyumba azungushie ukingo juu ya dari lake, ili damu ya mtu atakayeanguka isiwe juu ya nyumba ile. Sisi hatutembei juu ya dari, lakini wajibu ule haujatuondokea.

Umeme si mgeni katika nchi yetu. Unguja, taa za umeme ziliwaka katika jumba la Beit al-Ajaib la Sultani Barghash katika miaka ya 1880. Dar es Salaam ilipata umeme wa umma mwaka 1908 chini ya Wajerumani, na kampuni zilizokuja kuwa TANESCO ziliundwa mwaka 1931. Kwa hiyo tunayo majengo mengi, ya shule, hospitali za misheni, maduka ya katikati ya miji na nyumba za watumishi, ambayo nyaya zake zina umri mkubwa kuliko watu wanaozitumia. Mafundi waliozilaza wamekwisha kufariki, na michoro yao haipatikani.

Nyaya nazo huzeeka, tena kwa namna zisizoonekana kwa aliyeketi sebuleni. Zile za kabla ya plastiki kuenea, katika miaka ya 1950 na 1960, zilivikwa mpira. Mpira huo hukauka ukawa mgumu. Fundi akiukunja kidogo tu, humeguka na shaba ikabaki uchi. Plastiki iliyoshika mahali pake ni imara zaidi, lakini ile ya kawaida imetengenezwa kustahimili joto la nyuzi 70. Juu ya dari, chini ya mabati ya saa nane mchana, waya huwa umekwisha pata joto jingi kabla haujabeba umeme wowote. Skurubu za soketi hulegea kwa kupata joto na kupoa kila siku, na mahali palipolegea ndipo panapochemka. Panya tusiwasahau: waya uliotafunwa unaweza kukaa miaka juu ya dari ukingoja tone moja la mvua kutoka kwenye bati lililotoboka.

Kasoro moja ya zamani yatustahilia maelezo zaidi, kwa kuwa ni ya hila. Katika majengo mengi ya kale waya wa ardhini, ule ambao mafundi huuita eathi, ulifungwa kwenye bomba la maji la chuma. Bomba lilipita chini ya udongo mita nyingi, likafanya kazi hiyo vizuri. Kisha bomba likaoza, na mafundi wa maji, kwa nia njema kabisa, wakaweka la plastiki. Tangu siku ile nyumba haina eathi. Taa zinawaka, pasi inapata moto, hakuna dalili yoyote, hadi siku friji au jiko linapopata hitilafu na mwili wa chuma wa chombo kile ukawa na umeme kamili. Hali ni hiyo hiyo pale fimbo ya shaba iliyochimbiwa nje inapong'olewa usiku ikauzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Hakuna mtu ndani ya nyumba atakayejua bila kupima.

Tuitazame sasa nyumba ambayo wengi wetu tunaifahamu: vyumba sita, ukumbi mrefu katikati, uwani choo na jiko, mita moja ya LUKU kwa watu wote. Ilipowekewa umeme ilihitaji balbu sita, redio mbili na pasi ya Jumapili. Leo kila chumba kina televisheni na feni, wawili wana friji, mmoja anapikia jiko la umeme la wati 2,000, na mbele pameongezwa fremu mbili, moja ya saluni na nyingine ya vinywaji baridi. Waya mkuu ni ule ule. Soketi ni ile ile moja kwa kila chumba, nayo imezaa ekstensheni, na ekstensheni imezaa nyingine iliyopitishwa chini ya mkeka. Hesabu yake ni rahisi na inatisha: mkondo wa umeme ukiongezeka mara 2, joto ndani ya waya huongezeka mara 4, ukiongezeka mara 3, joto huongezeka mara 9. Fyuzi iliwekwa ili iungue kabla ya waya kuungua. Lakini fyuzi inayoungua kila jioni ni kero, na ugomvi wa wapangaji ni kero zaidi, hivyo mtu huifunga kwa kipande cha waya mnene na kero ikaisha. Kuanzia hapo kinachoweza kuungua kwanza ni nyumba.

Hata fyuzi iliyo sahihi haimlindi mtu. Wengi hawalijui hili, na pengine ndilo jambo la kubandikwa katika mbao za matangazo za parokia zetu. Balbu ya wati 60 hupitisha takriban miliampia 260. Mkondo unaozidi miliampia 30, ukipita katika kifua cha mtu, waweza kuuvuruga moyo wake hadi usimame. Basi kiasi kinachowasha balbu moja ni karibu mara 9 ya kiasi kinachoogopwa, ilhali fyuzi ndogo kabisa ya taa, ya ampea 5, huruhusu miliampia 5,000 bila kushtuka. Mtu aweza kufa ameshika waya na fyuzi isijue. Kwa sababu hiyo kimetengenezwa kifaa kingine, swichi inayolinganisha umeme unaokwenda na unaorudi. Ikiona miliampia 30 zimepotea njiani, huukata umeme wote kwa muda usiozidi milisekunde 300, yaani chini ya theluthi moja ya sekunde. Nyumba nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Tungekuwa na fedha za kutosha jambo moja tu katika bweni au nyumba ya wapangaji, tungeanza na eathi nzuri pamoja na swichi hiyo.

Ukaguzi wenyewe ukoje? Twaeleza kwa kirefu kidogo, ili kiongozi wa walei ajue anachokinunua na asiridhike na mtu aliyepita mlangoni akatikisa kichwa. Fundi wa kweli huanza kwa macho, umeme ukiwa umezimwa. Hufungua sanduku la fyuzi, hufungua soketi na swichi kadhaa, hupanda darini, hutafuta weusi wa moto, nyaya zilizoungwa kwa kusokotwa na kufungwa gundi, nyaya zilizopita penye mvua. Kisha huleta vipimo. Hupima kama waya wa eathi umefika kweli katika kila soketi bila kukatika njiani. Huchomoa vifaa vyote, huondoa balbu, na kuzipima nyaya kwa volti 500 za mkondo mnyoofu aone kama umeme unavuja kutoka waya hadi waya. Kipimo kikiwa chini ya megaomu 1, hapo pana jambo. Huhakikisha kwamba swichi inakata waya wenye umeme, haikati ule wa nyutro, kwa maana swichi iliyogeuzwa huzima taa na kuacha umeme ndani ya holda. Mwisho huwasha umeme, akaupima upinzani wa ardhi na muda wa ile swichi ya miliampia 30 kukata. Upinzani wa ardhi ni vema upimwe mwishoni mwa kiangazi, udongo ukiwa mkavu. Kipimo cha masika husifia fimbo ambayo Septemba haifai kitu. Kazi hii katika nyumba ya vyumba sita haiwezi kwisha kwa dakika kumi, na asiye na chombo cha kupimia nyaya hawezi kuifanya hata akikaa siku nzima.

Baada ya hapo hutolewa karatasi, na hapa pana mkanganyiko unaotugharimu. Cheti cha kukamilisha kazi husema kwamba nyaya mpya zilifungwa sawasawa siku fulani. Ripoti ya hali husema nyaya za zamani zikoje leo, zina kasoro gani, ipi ni ya hatari na ipi yaweza kungoja. Mwenye nyumba akiulizwa, hukitoa kile cheti cha miaka 25 iliyopita kwa fahari, kama mtu anayeonyesha kadi ya kliniki ya utotoni kuthibitisha kwamba leo hana homa. Tunachopaswa kukidai ni ripoti, yenye namba zilizopimwa, jina na namba ya leseni ya aliyepima, na tarehe. Ripoti isiyo na namba hata moja imeandikwa mezani. Mihuri inanunulika, twalisema hili bila kuzungukazunguka, kwa kuwa mhuri ulionunuliwa una madhara kuliko kukosa mhuri. Humtuliza mtu aliyestahili kuogopa.

Sheria yetu inamtambua fundi. Chini ya Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, EWURA hutoa leseni kwa wafungaji wa nyaya kwa madaraja, na si halali asiye na leseni kuifanya kazi hiyo. Lakini kwa mazoea yetu nyumba ya zamani inayokaliwa na watu huachiwa hiari ya mwenyewe. Wenzetu wa Uingereza, ambao kanuni zao za ufungaji zilizotolewa mara ya kwanza London mwaka 1882 ndizo zilizowaongoza mafundi wa makoloni yao, nao waliiacha hiari hiyo kwa muda mrefu. Katika England ilikoma kwa nyumba binafsi za kupanga tarehe 1 Julai 2020 kwa mikataba mipya, na tarehe 1 Aprili 2021 kwa mikataba iliyokuwapo. Nyaya hukaguliwa na kupimwa walau kila miaka 5, mpangaji hupewa nakala ya ripoti ndani ya siku 28, na kasoro za hatari hurekebishwa ndani ya siku 28 au mapema zaidi ripoti ikitaka hivyo. Makanisa na shule pia hushauriwa huko kukaguliwa kila miaka 5. Twavutiwa hasa na ile nakala ya mpangaji. Mtu aliyeshika ripoti mkononi haombi tena hisani. Anauliza kwa nini lililoandikwa halijafanyika.

Wale wanaoona kwamba matengenezo ya haraka yanatosha, na wakumbuke sinema ya Uphaar ya mjini Delhi, nchini India. Tarehe 13 Juni 1997, asubuhi, transfoma iliyokuwa katika maegesho ya magari chini ya jengo ilishika moto. Ilizimwa, mafundi wakaja wakaitengeneza siku ile ile, nyaya zikafungwa pasipo chombo kinachostahili, umeme ukarudishwa, na maonyesho yakaendelea. Jioni waya mmoja ulilegea, cheche zikaruka, mafuta ya transfoma yakavuja na kuwaka, na moshi ukapanda ngazi hadi ukumbini. Watu 59 walikufa, wengi wao kwa kukosa pumzi katika roshani, ambako viti vya nyongeza vilikuwa vimeziba njia. Mwaka 2007, baada ya miaka 10 ya kesi, ndugu wawili wenye jengo walitiwa hatiani pamoja na wengine. Asubuhi ile umeme ulirudi, na kwa kila aliyekuwamo ilionekana kazi imekwisha. Kilichokosekana ni mtu wa kupima kabla ya kuwasha, mwenye mamlaka ya kusema hapana.

Tunazijua hoja za upande wa pili, na baadhi zina uzito. Mwenye nyumba wa kawaida si tajiri. Wengi ni wajane na wastaafu ambao vyumba vinne vya kupangisha ndivyo pensheni yao. Kubadilisha nyaya za nyumba nzima ni gharama kubwa, na gharama hiyo hatimaye hurudi kwa mpangaji katika kodi. Akishindwa, huondoka kwenda chumba kingine chenye nyaya mbaya zaidi. Haki gani hiyo? Twajibu kwamba si kila kasoro yataka nyumba ivuliwe nyaya zote. Fyuzi sahihi, eathi mpya, skurubu zilizokazwa, soketi mbili za ziada mahali pa ekstensheni, na ile swichi ya kukata umeme unaovuja, huondoa sehemu kubwa ya hatari kwa sehemu ndogo ya gharama. Ripoti nzuri ndiyo inayomwambia mjane aanze na lipi. Asiye na ripoti hufanywa maskini mara mbili, kwani fundi mwenye tamaa atamwambia kila kitu kimeharibika.

Ipo pia hoja ya wale vijana tuwaitao vishoka. Ni rahisi kuwalaani, na kweli wapo wanaojifanya watumishi wa shirika na kuwaibia watu. Lakini wengi ni watoto wa jumuiya zetu, walioshika kazi kwa kutazama, wakakosa ada ya chuo. Kijana aliyekwisha kuzoea nyaya kwa miaka sita yu karibu sana na leseni kuliko tunavyodhani. Parokia inayoweza kuchangia vyombo vya muziki yaweza kuwasomesha wawili wa namna hiyo katika chuo cha ufundi, ikawapata mafundi inaoweza kuwaamini.

Tunaziomba Halmashauri za Walei zianze na majengo yetu wenyewe, kwa kuwa hatuwezi kumdai mwenye nyumba ripoti ambayo ukumbi wa parokia hauna. Waanze mahali watu wanapolala: mabweni, nyumba ya masista, chumba cha mlinzi, wodi ya zahanati. Kisha kanisa lenyewe, hasa madhabahuni na kwenye kwaya, penye taa za nyongeza za sikukuu na vipaza sauti vilivyofungwa na kila aliyejitolea. Moto mkubwa wa kasri la Windsor, tarehe 20 Novemba 1992, ulianzia katika kikanisa cha ndani, pale taa kali ilipogusana na pazia. Vitambaa na mashada yetu ya Krismasi hayana kinga zaidi ya lile pazia.

Katika Jumuiya Ndogo Ndogo, wenye nyumba na wapangaji hukaa katika mduara mmoja kila juma. Mazungumzo haya yafanyike hapo, kwa heshima, bila kutaja nyumba ya mtu. Mpangaji asiogope kusema kwamba swichi ya chumbani inanusa moto au bomba la bafuni linamtetemesha mkono. Aliyeliona tatizo kwanza hastahili kupewa notisi ya kuhama. Mzee wa jumuiya akisikia habari ya namna hiyo, aende kwa mwenye nyumba siku ile ile, asingoje kikao.

Kwa kila jengo la parokia lililokwisha kukaguliwa, nakala moja ya ripoti ikae ofisini, nyingine apewe anayelikaa jengo hilo. Ndani ya mlango wa sanduku la fyuzi ibandikwe karatasi yenye jina la aliyepima, tarehe aliyopima, na tarehe ya kupima tena.